Maswali ya Wasomaji: Kwenda Dar kwa Gari na Watoto Wadogo

Likizo ndefu ya Desemba inakaribia, na barua nyingi za mwezi huu zimetoka Mafinga, Makambako, Njombe na Iringa. Zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: tutafikaje Dar es Salaam na watoto wadogo bila kuwatesa wala kuwahatarisha? Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Tunatoka Mafinga na watoto wawili, mmoja miaka minne, mwingine miezi kumi. Baba yao anataka tuondoke saa nane usiku tufike Dar mchana wa siku hiyo hiyo. Mimi naona tulale njiani. Nani yuko sahihi? – Mama wa wawili, Mafinga

Mama, tuko upande wako, na tunaomba baba asome mpaka mwisho kabla hajakasirika.

Kutoka Mafinga hadi Dar ni kama kilomita 580. Watu wazima peke yao kwenye gari dogo huimaliza kwa saa tisa au kumi. Wenye mtoto wa miezi kumi wahesabu kumi na mbili au zaidi, kwa sababu mtoto wa umri huo hapaswi kukaa kwenye kiti chake cha gari kwa zaidi ya saa mbili mfululizo. Akilala amejikunja, kidevu huangukia kifuani na pumzi inabanwa. Kila saa mbili atolewe, alazwe chali au aachwe atambae juu ya khanga kwa dakika 20 au 30.

Saa nane ya usiku ni mbaya kwa njia mbili. Tangu saa hiyo hadi alfajiri mwili wa dereva unadai usingizi kuliko wakati mwingine wowote, hata kama alilala mapema. Tena mtaukuta mteremko wa Kitonga gizani, katikati ya malori ya mizigo ambayo mengine hayana taa za nyuma.

Ratiba tunayoipendekeza ni ya siku mbili. Siku ya kwanza ondokeni Mafinga saa 11:30 alfajiri, watoto wakiwa bado na usingizi. Saa moja mtakuwa Ipogolo, Iringa. Hapo pateni chai na badilisheni pampasi. Mkifika Ruaha Mbuyuni kwenye saa tatu, pumzikeni nusu saa, na saa tano mtakuwa Mikumi mjini kwa chakula cha mchana cha mapema. Saa nane hivi mko Morogoro. Laleni hapo. Mtoto wa miaka minne atapata jioni nzima ya kukimbia, na hilo ndilo litakaloamua siku ya pili itakuwaje.

Siku ya pili msiharakishe. Morogoro hadi Dar ni kilomita 190 na kitu. Mkiondoka saa tatu asubuhi, mtapita Chalinze na Mlandizi bila joto kali, na mtaingia Kibaha kama saa sita. Barabara ya njia nane kutoka Kibaha hadi Kimara imepunguza mateso sana, lakini foleni ya jioni ipo palepale. Familia inayofika Mbezi saa kumi na moja jioni inaweza kutumia saa mbili kwenda Tegeta au Mbagala, watoto wakiwa wamechoka na maji yameisha. Ingieni jijini kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri.

Ikiwa ni lazima siku moja, basi wawe madereva wawili wenye leseni, mwondoke saa kumi na moja alfajiri, na mkubali kufika usiku.

Gari letu ni saluni ya watu watano. Tuko wazazi wawili, watoto watatu (miaka saba, minne, na mwaka mmoja na nusu) na dada wa kazi. Mdogo anaweza kupakatwa kiti cha mbele? – Baba Neema, Njombe

Hapana, baba. Gari lenye mikanda mitano linabeba watu watano. Mmoja wenu, na itakuwa vizuri akiwa mtu mzima, apande basi.

Tunajua kumpakata mtoto ni desturi, na mikono ya mama inaonekana salama kuliko kitu chochote. Lakini gari likigonga kitu kwa mwendo wa kilomita 50 tu kwa saa, mtoto wa kilo 10 anavutwa mbele kwa nguvu ya kilo mia kadhaa. Hakuna mkono unaoshika uzito huo. Mkimfunga ndani ya mkanda mmoja na mzazi ni hatari zaidi, maana mwili wa mtu mzima ndio utakaomponda.

Wote watatu wakae nyuma. Wa mwaka mmoja na nusu anahitaji kiti chenye mikanda yake, na kama bado hajakizidi kwa uzito na urefu ulioandikwa kwenye lebo, akae ametazama nyuma ya gari. Kichwa cha mtoto ni kizito na shingo yake ni changa; gari likisimama ghafla, mgongo wa kiti humpokea mwili mzima badala ya kuiacha shingo ivutwe. Umri wa chini kabisa wa kumgeuza atazame mbele ni miezi 15, na akichelewa zaidi ni bora zaidi. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi: ukifumuka unaupiga mgongo wa kiti pale kilipo kichwa.

Wa miaka minne atumie kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake. Wa miaka saba atumie kikalio cha kumwinua, ili mkanda wa gari upite katikati ya bega na juu ya mapaja, usikate shingo wala tumbo. Atakihitaji mpaka afike urefu wa kama sentimita 135 hadi 150.

Kwenye saluni kuna mtego mmoja. Kiti cha katikati nyuma, hasa kwenye magari ya zamani, mara nyingi kina mkanda wa kiunoni pekee. Kikalio cha kumwinua mtoto hakiruhusiwi hapo, kwa sababu kinategemea mkanda unaopita begani. Wa miaka saba akae dirishani, na katikati kiwekwe kiti chenye mikanda yake, kama lebo inaruhusu kufungwa kwa mkanda wa kiunoni. Pimeni wiki mbili kabla ya safari. Viti vitatu havienei kila saluni, na hilo si jambo la kuligundua saa kumi na moja alfajiri.

Mkinunua kiti cha mtumba, tafuteni lebo ya rangi ya chungwa iliyoandikwa ECE R44/04, au lebo ya R129; hivyo ni viwango vya usalama vya viti vya watoto. Geuzeni kiti mwone tarehe ya kutengenezwa na ukomo wa matumizi, ambao kwa viti vingi huchapwa chini. Chenye ufa, au ambacho kishikizo chake hakitoi mlio kikifungwa, kiacheni hata kama bei ni nzuri. Mkanda wa kifuani ukikazwa vizuri, vidole viwili haviwezi kuubana ukakunjamana begani. Sweta zito la Njombe livuliwe kwanza, kisha mtoto afunikwe kwa khanga juu ya mkanda. Sweta huacha nafasi ambayo haionekani mpaka siku ya ajali.

Mara ya mwisho nilipofika chini ya Kitonga breki zilinuka na pedali ikawa laini, inazama. Watoto nao walilia masikio njia nzima. Nifanye nini safari hii? – Dereva wa familia, Makambako

Ulikuwa karibu sana na kukosa breki kabisa, kaka, kwa hiyo jibu hili litakuwa refu.

Pedi zikisugua diski kwa muda mrefu, joto hupanda mpaka kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na yakiwa na maji huchemka mapema. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke. Mvuke unabanyika, mafuta hayabanyiki, ndiyo maana mguu unazama na gari halishiki.

Kabla ya safari fundi abadilishe mafuta ya breki kama yamepita miaka miwili, na apime pedi. Zikibaki milimita 3 au chini, weka mpya. Asiishie kuongeza mafuta kwenye kikopo. Yatoke yote ya zamani, hewa itolewe gurudumu moja baada ya jingine.

Ukiwa Kitonga, baada ya Ilula, punguza gia juu kabisa kabla mteremko haujaanza. Kwa gari la gia za mkono, shuka na ya pili au ya tatu: gia ambayo ungepandia ndiyo ya kushukia. Kwa otomatiki, zima kitufe cha O/D (gia ya mwendo kasi) kama kipo, kisha weka gia ya chini: 2, L, B au S, kadiri gari lako lilivyoandikwa. Injini itanguruma. Iache ingurume, hiyo ndiyo inayolizuia gari. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa nguvu mpaka upungue, halafu achia kabisa zipoe. Kuegemeza mguu kidogo kidogo njia nzima ndiko kulikokuletea ule mnuko. Nyutro ni marufuku, hata kwa mita mia.

Kaa mbali na lori lililo mbele na usiovateki kwenye kona. Ukisikia harufu, tafuta sehemu pana nje ya barabara, kinga magurudumu kwa mawe, weka pembetatu, na subiri nusu saa. Usimwagie diski maji, zitapinda au kupasuka. Abiria washuke upande usio na magari na wasimame mbali, watoto wakiwa wameshikwa mikono.

Sasa masikio. Kutoka Iringa hadi Ruaha Mbuyuni mnashuka karibu mita 1,000, na hewa inazidi kukandamiza ngoma ya sikio. Kimrija kinachounganisha sikio na koo hufunguka mtu akimeza, na cha mtoto ni chembamba. Kwa hiyo mpe kitu cha kumeza mteremko unapoanza: chupa ya maji au maziwa kwa mdogo akiwa amefungwa kwenye kiti chake, na maji kwa mrija kwa mkubwa. Pipi au bablish ni za waliozidi miaka minne. Aliyelala aamshwe, maana usingizini hamezi mara nyingi. Mwenye mafua ataumia zaidi. Matone ya maji ya chumvi puani dakika 15 kabla ya mteremko husaidia.

Binti yangu wa miaka sita hutapika kila safari. Kuna dawa? – Mama Joan, Iringa

Zipo, lakini anza na mambo yasiyo ya dawa. Kichefuchefu cha gari hutokea macho yanapoona kitu kilichotulia wakati masikio yanahisi mwendo. Simu na kitabu ndivyo vinavyoleta balaa. Akae mahali anapoona barabara ya mbele, dirisha lifunguliwe kidogo, na asubuhi ale kitu chepesi kikavu kama mkate au kiazi kitamu, saa moja kabla ya kuondoka. Chapati ya mafuta na maziwa mengi vinafaa siku nyingine. Tumbo tupu nalo halifai.

Dawa ya promethazine hutumika, ila humfanya mtoto asinzie, na haitolewi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kumzuia pumzi. Muone mfamasia au daktari akupe kipimo kulingana na uzito, na mpe mara ya kwanza nyumbani, si siku ya safari. Beba mifuko imara, taulo na nguo za kubadilisha mahali pa kufikia kwa mkono, sio chini ya mabegi.

Chakula gani kinafika salama? Mtoto mdogo anakunywa maziwa ya kopo. – Bibi mlezi, Makambako

Shikamoo, bibi. Hofu kubwa ni vuguvugu. Chakula kilichopikwa kikikaa zaidi ya saa mbili bila kuwa cha moto sana au cha baridi sana, vijidudu huongezeka, na ukishuka Kitonga joto linabadilika mara moja. Uji uingie kwenye chupa ya chai ikiwa imesuuzwa kwa maji yanayochemka, nao uwe unatoka motoni. Kilichobaki baada ya kulishwa kimwagwe.

Maziwa ya kopo yasikorogwe nyumbani. Pima unga wa kila mlo kwenye kikopo chake kikavu, beba maji yaliyochemshwa kwenye chupa ya chai, na ukoroge pale pale, kisha uyapoze kabla ya kumpa. Yakishakorogwa yana saa mbili tu. Anayenyonya ana raha kuliko wote, ila gari lisimame kwanza. Mtoto asitolewe kitini gari likiwa kwenye mwendo, hata akilia vipi.

Njiani, ndizi mbivu zenye maganda yake ni salama, na mayai ya kuchemsha pia kama hayajapita saa mbili. Nyanya za Ilula ni nzuri, ila zisubiri maji safi ya kuoshea. Beba paketi mbili za ORS, unga wa kurudisha maji mwilini mtoto akiharisha. Soma paketi: nyingi huchanganywa na lita moja ya maji salama, lakini zipo za nusu lita, na ukikosea vipimo unamdhuru mtoto. Mchanganyiko ukae saa 24, usizidi.

Watoto wanataka tusimame Mikumi waone tembo. Inaruhusiwa? – Anko wa safari, Mafinga

Barabara kuu inakatisha Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Kusimama kuangalia wanyama na kushuka garini humo hairuhusiwi, na mwendo wa juu ni kilomita 70 kwa saa. Hiyo 70 inatosha kuwaona swala, pundamilia na twiga bila kulipa kiingilio. Tembo ni bahati, na bahati huwa kubwa zaidi asubuhi na jioni. Anayegonga mnyama hutozwa faini ambayo kwa mnyama mkubwa inazidi bei ya magari mengi.

Haja zote zimalizwe Mikumi mjini. Poti yenye mfuko ndani iwe garini kwa dharura. Nyani msiwarushie kitu, wala msifungue madirisha ya nyuma wakiwa karibu. Waliozoea kulishwa huja barabarani na kugongwa. Kwenye ukingo wa mlango wa nyuma kuna kifunguo kidogo cha kuzuia watoto wasiufungue kwa ndani. Kigeuzeni kabla hamjatoka nyumbani.

Na anko, baada ya hifadhi usifidie muda. Vijiji vya Doma hadi Morogoro vina vibao vya 50 na askari wenye tochi. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, lakini watoto wanaovuka pale ni wadogo kama wako.

Tukiacha gari Morogoro tukapanda treni ya umeme? – Mwalimu, Iringa

Wazo zuri sana kwa wenye watoto. Treni ya SGR kati ya Dar na Morogoro ilianza kubeba abiria Juni 2024, na safari huchukua chini ya saa mbili. Kuna choo, mtoto anaweza kusimama na kutembea, na mnaikwepa foleni yote. Kateni tiketi mapema, hasa kuelekea sikukuu. Bebeni vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mhakikishe gari linalala mahali penye mlinzi.

Tukifika, tuwapeleke wapi ambapo hawatachoka? – Mama wa mapacha, Njombe

Sehemu moja kwa siku, asubuhi, mrudi kabla ya saa sita. Watoto wa baridi ya Njombe wanaumizwa na joto la Dar siku tatu za mwanzo: harara shingoni na kwapani, kukosa hamu ya kula, mkojo wa njano nzito. Nguo nyepesi za pamba, maji kila baada ya nusu saa hata kama hawajaomba, na kuoga mara mbili kwa maji ya kawaida. Na asiachwe mtoto ndani ya gari lililoegeshwa, hata dakika tano za kununua vocha. Joto hupanda humo kama nyuzi 10 ndani ya dakika 10.

Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama kina nyumba za asili za makabila mbalimbali ambazo watoto wanaingia ndani, na uwanja wa kukimbia. Makumbusho ya Taifa katikati ya mji yanawafaa wa miaka sita na zaidi. Huko ndiko linakohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Pantoni ya Magogoni kwenda Kigamboni ni dakika chache tu, na kwa mtoto ambaye hajaona meli hiyo inatosha kuwa safari yenyewe. Vukeni mchana, sio saa ya watu kutoka kazini.

Baharini, ulizeni wenyeji saa za maji kujaa na kupwa. Mtoto awe umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mtu mzima asiyeshika simu. Kwenye boti ya kwenda kisiwa cha Mbudya, kama hakuna jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto, msipande.

Kariakoo waacheni nyumbani. Ikishindikana, andikeni namba ya simu kwenye mkono wa mtoto kwa kalamu ya wino, mfundisheni jina kamili la baba au mama, na mpigeni picha asubuhi hiyo, ili nguo alizovaa ziwe kwenye simu yenu.

Huku kwetu malaria ni nadra. Nijiandae vipi? – Mama Kelvin, Njombe

Kwa sababu ni nadra huko, mwili wa Kelvin haujaizoea, na akiipata inaweza kumlemea haraka. Njombe na Iringa ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Wengi huiogopa Dar, kumbe Morogoro mnakolala njiani kuna malaria zaidi. Chandarua chenye dawa kiwe juu ya mabegi yote, kitumike tangu usiku wa kwanza.

Dar kuna pia dengue, ambayo ilisambaa sana mwaka 2019, nayo huenezwa na mbu wanaouma mchana. Kwa homa yoyote tumia paracetamol peke yake, usimpe aspirini kabisa, wala ibuprofen kabla ya vipimo. Kipimo cha paracetamol ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 10 anapata kama mililita 6 za dawa ya maji iliyoandikwa 120 mg kwa 5 ml, kila baada ya saa sita.

Malaria haijitokezi kabla ya siku saba tangu mbu aume. Homa ikimpata mtoto mkiwa mmesharudi Njombe, wiki moja hadi nne baadaye, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na jambo la kwanza kumwambia mhudumu liwe kwamba mlikuwa Dar na mlilala Morogoro. Asipoambiwa, kwa mtoto wa Njombe anaweza kufikiria mafua kwanza.